Sauti ya Saa Moja na Dakika Kumi

Kazi yangu ni kusikiliza redio. Watu wakisikia hivyo hucheka, wanadhani nalipwa kwa kukaa. Kampuni yetu huwauzia wafanyabiashara taarifa moja tu: tangazo lako la sabuni limerushwa kweli, limerushwa saa ngapi, na limefika mwisho au limekatwa njiani. Tuko sita katika chumba kimoja ghorofa ya pili, kila mtu na meza yake, redio mbili, na spika za masikioni ambazo sponji zake zimeshaisha. Stesheni za jiji hili ni kumi na moja. Zangu mimi ni mbili, moja sikio la kushoto na nyingine la kulia: ya mpira na ya mahubiri. Saa nne asubuhi moja inaita watu watubu na nyingine inamsema mwamuzi. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma. Siku hizi naona wanagombania jambo lile lile.

Zile nyingine nazijua kwa kuibia, wenzangu wakienda kunywa chai. Kuna ya vijana, watangazaji wawili wanaocheka kabla mzaha haujasemwa. Kuna ya maofisini, nyimbo laini, na dada mmoja anayenong'ona utadhani studioni kuna mtoto mchanga amelala. Kuna ya habari, ambayo kila nusu saa hurudia yale yale kwa sauti ya kushtuka. Kuna moja inayotaja foleni na barabara zilizofungwa tangu asubuhi hadi jioni, na nina hakika mtangazaji wake hajawahi kumiliki gari. Nifunge macho, niwashie yoyote, sekunde tano zinanitosha nikwambie ni ipi.

Iliyokuwa marufuku kwangu ni moja. Sheria ya ofisi inasema hakuna anayesikiliza stesheni ambako ndugu yake anafanya kazi, asije akamwandikia tangazo ambalo halikurushwa. Kaka yangu alikuwa mtangazaji wa asubuhi katika ile ya nyimbo za zamani. Kwa hiyo stesheni yake alipewa mzee mmoja tunayemwita Kamusi, mwalimu mstaafu anayekumbuka kila kitu na hasamehe.

Haikuwa ya nyimbo za zamani tangu mwanzo. Zamani ilikuwa redio ya mtaa, studio mbili juu ya duka la vioo, na kaka alikuwa anatangaza kila kitu: mtoto aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa, mtaa utakaokosa maji kesho, nani kafunga ndoa. Simu zilikuwa hazikauki. Katikati ya hayo, miaka mitatu iliyopita, mama akaanza kusahau dawa zake za presha. Kaka akaona isiwe tabu. Kila siku saa moja na dakika kumi asubuhi alisema hewani: "Na mama yangu huko jikoni, kikombe mkononi, dawa mdomoni. Nakungoja." Kisha alinyamaza sekunde tatu nzima. Sekunde tatu za kimya redioni ni nyingi, mkuu wa vipindi alimfokea sana kwa ajili hiyo. Mama alimeza ndani ya sekunde hizo tatu. Wamama wengine wakaanza kumeza za kwao pamoja naye, na sokoni alikuwa anasimamishwa na watu asiowajua wakimuuliza kama amemeza.

Mimi naishi na mama, mimi ndiye ninayempikia, ninayemkata kucha na kumpeleka kliniki. Hakuna aliyenisimamisha sokoni. Nasema tu.

Kisha stesheni ikauzwa. Wamiliki wapya wana nyingine kama hiyo katika miji minne, na zote wanaziendesha kutoka jengo moja lililo mbali. Wakafanya utafiti wao, wakagundua watu wanataka nyimbo kumi mfululizo na maneno machache. Watoto waliopotea wakaondolewa, vitambulisho vikaondolewa, simu ikakatwa. Kaka alibakizwa, kwa sekunde kumi na mbili kati ya wimbo na wimbo. Na kile kipande cha mama kilibakizwa pia, kwa kuwa utafiti ulionyesha wasikilizaji wanakipenda.

Nyumbani hatukuona tofauti kubwa. Kaka aliacha kuja Jumapili, akasema ratiba imebana. Akatuma vocha za simu, akatuma salamu. Mama hakulalamika.

Asubuhi moja Kamusi alivua spika zake, akazungusha kiti kunielekea.

"Kaka yako ana kikohozi?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Jumanne moja mwezi uliopita, baada ya kusema 'nakungoja' alikohoa kidogo. Leo kasema maneno yale yale, akakohoa kikohozi kile kile. Nimepima kwa saa. Hata nusu sekunde haijapungua."

Nilimwambia labda ni bahati. Kamusi alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake, nadhani, akarudi kwenye kazi yake. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikampigia kaka. Alipokea mara ya nne. Nyuma yake kulikuwa na honi na watu wakiitana.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kazini."

"Kazini wapi? Upo redioni sasa hivi, mwenzangu anakusikia."

 Akaniambia yote kwa mkupuo, kwa namna ya mtu aliyechoka kubeba. Walimwita, wakamkalisha siku nne katika chumba kidogo, akarekodi asubuhi tisini. Alipewa masharti: asitaje saa, asitaje mvua wala jua, asitaje mpira, asitaje aliyekufa. Alikuwa anabadilisha shati kila baada ya "siku" tano ili asijisikie mjinga. Alipomaliza ya tisini walimshukuru, wakamlipa, wakamchukulia kadi ya mlangoni. Kompyuta ndiyo inayochagua leo irushe asubuhi ipi. Zikiisha inaanza upya. Yeye alikuwa na miezi mitano sasa kituo kikuu cha mabasi, anatangaza kwa kipaza sauti magari yanayoondoka.

"Usimwambie mama," akasema. "Atavunjika moyo. Nikipata stesheni nyingine nitamwambia mwenyewe."

Nikakubali. Naliandika hili bila kulizunguka, kwa kuwa yaliyofuata yana mkono wangu pia. Nilikubali kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu nilifurahi kidogo kuona kwamba yule mwana wa redio naye ana la kuficha.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Jumatatu, nilimpeleka mama kliniki. Alikuwa analalamika kizunguzungu akiinuka. Daktari, mwanamke mwenye haraka lakini mpole, alimpima amekaa, akampima amesimama, akatikisa kichwa. Presha ilikuwa imeshuka mno. Alichukua pakiti ya vidonge vyeupe akaiweka mbali na zile za usiku.

"Mama, hiki cheupe unaacha kuanzia leo. Si kupunguza, kuacha kabisa. Ukiendelea nacho utaanguka, na mfupa wa umri huu haujiungi kirahisi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Mama yangu si mgonjwa wa akili, nieleweke. Anahesabu chenji vizuri kuliko mimi, na anajua siku za kuzaliwa za wajukuu wa majirani. Alielewa kila neno.

Jumanne saa moja na dakika kumi nilikuwa nafunga viatu. Redio ya jikoni, ile yenye kipini kilichofungwa kwa uzi, ikasema: kikombe mkononi, dawa mdomoni, nakungoja. Nikainua kichwa, nikamwona mama anameza cheupe.

"Mama. Daktari jana alisema nini?"

"Alisema niache."

"Sasa?"

"Kaka yako kasema nimeze."

Nilidhani anatania, maana ana utani wake mkavu. Hakuwa anatania. Nikachukua pakiti nikaitumbukiza chooni mbele yake, nikazima redio, nikaondoka nimenuna. Jioni nilikuta redio inaimba, na mama ananisimulia habari za jirani kama hakuna kilichotokea.

Jumatano nilizima redio tangu saa kumi na mbili na nusu. Nikaenda kuoga. Nilipotoka redio ilikuwa imewashwa tena; nilisikia sauti ya kaka, kisha kishindo kidogo, kisha kikombe kikibingirika. Mama alikuwa amekaa sakafuni chini ya karo la kuoshea vyombo, mgongo umeegemea mlango wa kabati, uso umekuwa wa kijivu, mkono mmoja umeshika ukingo. Hakuvunjika. Alikuwa amemeza tena. Alikuwa na pakiti nyingine ndani ya kopo la chumvi, na baadaye niligundua ya tatu ndani ya soksi. Nilimlaza, nikainua miguu yake juu ya mto, nikakaa naye mpaka rangi ikarudi. Sikuwa na hasira tena, nilikuwa na hofu tupu. Akilini nilimwona amekufa pale chini ya karo, na redio inaendelea na wimbo wa nne kati ya kumi.

Nikampigia kaka.

"Sauti yako inamuua mama," nikamwambia. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema atawaambia waondoe kipande hicho. Baada ya saa moja akanipigia. Alikuwa ameongea na binti mwenye adabu nyingi katika lile jengo la mbali. Binti alimwambia maombi ya mabadiliko huletwa kwa maandishi, na hujibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Alimwambia pia kwamba kipande hicho ndicho kinachopendwa kuliko vyote.

"Basi njoo umwambie wewe," nikasema.

"Nitampigia simu."

"Simu hapana. Mimi nimemwambia, daktari amemwambia. Anamsikiliza yule wa redioni, hamsikilizi mtu mwingine. Njoo usimame jikoni saa moja na dakika kumi akuone kwa macho."

"Itabidi nimweleze yote."

"Ndiyo."

"Asubuhi ndiyo zamu yangu, magari ya mikoani ndiyo yanaondoka."

"Kaka," nikamwambia, "leo nimemwokota chini ya karo."

Alhamisi alifika saa moja kasoro dakika tano. Amekonda, na amevaa fulana ya njano ya kituo cha mabasi yenye maandishi mgongoni. Alisahau kuivua, au hakutaka kuificha tena, sikumuuliza. Nilimfungulia mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameketi mezani, kikombe cha maji mbele yake, redio imewashwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasoma fulana. "Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Kaa."

Akakaa. Mimi nilibaki nimesimama karibu na jiko, nikijifanya natazama maji yanayochemka. Kaka alifungua mdomo mara mbili, akaufunga mara mbili. Mtu ambaye alilipwa miaka kumi na minane kwa kuongea alikuwa anatafuta neno la kwanza, na wimbo ulikuwa unaelekea mwisho.

"Mama," akasema hatimaye, "redioni simo tena. Ile ni rekodi. Walinitoa, sasa ni mwezi wa sita. Nafanya kazi—"

Mama alinyoosha kiganja kumnyamazisha. Wimbo ulikuwa umekwisha. Kaka wa redioni akaingia, mchangamfu, ameshiba usingizi. "Na mama yangu huko jikoni, kikombe mkononi, dawa mdomoni. Nakungoja."

Mama akaingiza mkono chini ya kitambaa cha meza akatoa kidonge cheupe. Pakiti ya nne, basi. Sikuwa hata nimefikiria kuangalia hapo.

"Mama, usimeze," akasema kaka.

"Mbona umesema nimeze?"

"Si mimi. Ile ni rekodi, nimekwambia. Niliisema zamani, kabla daktari hajakataza. Sikujua."

"Najua ni rekodi."

Kaka alinigeukia, akidhani nimemsaliti. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimeduwaa kuliko yeye.

"Nilijua tangu ulipoacha kutaja saa," mama akasema, bila kupandisha sauti. "Miaka yote ulikuwa unasema, sasa ni saa moja na dakika kumi. Siku moja ukaacha. Nikajisemea, labda amesahau. Siku ya pili, ya tatu. Mtangazaji wa asubuhi hasahau saa. Halafu siku ya ile mvua kubwa, maji yaliingia mpaka hapa sebuleni, dada yako anachota kwa ndoo, wewe unaniambia nifurahie asubuhi njema. Nikajua humo ndani hakuna mtu."

"Sasa mbona ulikuwa unameza?" Ni mimi niliyeuliza. Sikuweza kujizuia. "Jana ulianguka, mama. Ulijua ni rekodi, ulijua daktari kakataza, ukameza. Kwa nini?"

Mama hakunijibu mimi. Alikuwa anamtazama kaka.

"Yule anakuja kila siku," akasema, akielekeza kidevu kwenye redio. "Mzima au rekodi, kila siku saa moja na dakika kumi yuko hapa, ananiita mama, ananingoja. Wewe umekuja lini mara ya mwisho?"

 Redioni wimbo mwingine ulikuwa umeanza.

"Nakuuliza. Lini?"

"Kabla shule hazijafungwa. Mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne. Vocha umetuma, salamu umetuma. Sasa nikiacha kumwitikia yule, nabaki na nani? Ningesema najua, ungekuja? Ungejificha zaidi. Nakujua, nimekuzaa."

"Niliona aibu," kaka akasema.

"Aibu ya nini? Ya kufukuzwa? Baba yako alifukuzwa kazi tatu na kila jioni alirudi nyumbani kula."

Macho ya kaka yalijaa. Hakuyafuta, aliyaacha yashuke, na mimi niligeuka nikapunguza moto ambao haukuhitaji kupunguzwa. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akitahayari na nilidhani nitaridhika. Sikuridhika. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma na mimi pia, kwa kuwa mimi niko pale kila siku, na haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mama anaweza kumeza sumu ili asikose mgeni.

"Sasa sikiliza," mama akasema. Kidonge kilikuwa bado katikati ya kiganja chake. "Daktari anataka niache. Dada yako anataka niache. Wewe unataka niache. Sawa. Lakini nikikiacha hiki, yule wa redioni sina tena shughuli naye. Nafasi yake anakuja nani?"

"Nitakuja mimi, mama."

"Lini?"

"Kila siku. Nitaomba zamu ya mchana. Kila siku asubuhi, bila kukosa, mama yangu, nitakuwa hapa na wewe jikoni."

Alilisema vizuri sana. Liliteremka laini, na pumzi mahali pake, na tabasamu unaloweza kulisikia ukiwa umefunga macho. Mimi kazi yangu ni kusikiliza, nililitambua mara moja. Mama alilitambua kabla yangu.

"Hapana," akasema. "Hiyo umeliambia jiji zima. Sema kwa sauti yako."

 Kaka alikunja mikono mezani, akaikunjua.  Alipofungua mdomo, sauti ilitoka nyembamba na ya kukwaruza, sauti ya mtu ambaye sijamsikia tangu alipokuwa na miaka kumi na minne, kabla hajaenda kuongea mbele ya watu, na ilibidi nisogee karibu na meza ili nimsikie.

"Sijui kama wataniruhusu zamu ya mchana," alisema. "Wakikataa, nitakuja saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kazi. Utakuwa umelala."

"Nitaamka," mama akasema, na akamwekea kidonge mkononi.